Kutoka Semeno hadi Jiménez: Tahajia ya Jina la Ukoo la Kihispania kama Ushahidi wa Historia ya Lugha

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya jina la ukoo linaloandikwa leo Jiménez, Giménez, Ximénez au Ximenes, tangu lilipokuwa jina la mtu katika nyaraka za kaskazini mwa Iberia hadi lilipoenea Ureno, Ufaransa, Italia, Guatemala, Ufilipino na Timor ya Mashariki. Hoja kuu ni kwamba tofauti za tahajia yake si makosa ya makarani. Ni kumbukumbu za wakati ambapo jina liliondoka Kastilia na za njia lililopitia: sikio la msikilizaji, jicho la msomaji au daftari la serikali. Hata hivyo, kumbukumbu hizo zinahusu lugha na mamlaka. Hazitoshi kuthibitisha nasaba ya anayelibeba jina hilo.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1956 Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilitolewa kwa mshairi wa Andalusia, Juan Ramón Jiménez. Miaka arobaini baadaye, yaani mwaka 1996, Tuzo ya Nobel ya Amani ilitolewa kwa pamoja kwa José Ramos-Horta na Askofu Carlos Filipe Ximenes Belo wa Timor ya Mashariki. Msomaji anayekutana na majina Jiménez na Ximenes katika orodha moja ya washindi hana sababu ya haraka ya kuyahusisha. Yanaanza kwa herufi tofauti, yanaishia kwa herufi tofauti, na matamshi yake hayafanani: la kwanza huanza kwa sauti iliyo karibu na kh ya Khamisi, la pili kwa sh ya shamba. Pamoja na hayo, ni jina moja.

Maelezo ya kawaida kuhusu majina ya ukoo huanza na swali la damu: ni nani aliyekuwa babu wa kwanza, na wazawa wake wako wapi? Makala hii inaanza na swali jingine: kwa nini jina moja limekuwa na maumbo mengi, na kila umbo linatueleza nini? Mkabala unaotumika ni wa isimu historia na onomastiki, na ushahidi mkuu ni mabadiliko ya konsonanti ya mwanzo wa jina.

2.0 Asili ya Jina

Chimbuko la Jiménez ni jina la mtu, Jimeno, ambalo umbo lake la kike ni Jimena. Katika nyaraka za Kilatini za Navarra na maeneo jirani, jina hilo huonekana kwa maumbo kama Semeno, Scemeno, Exemeno na Eximinus. Wingi huu wa maumbo ni ushahidi wa kwanza wenye manufaa. Makarani waliandika kwa alfabeti ya Kilatini, na Kilatini hakikuwa na sauti /ʃ/. Waliposikia sauti hiyo katika jina la mwenyeji, kila mmoja alitafuta njia yake: huyu s, yule sc, mwingine x. Kutofautiana kwao kunaonyesha kwamba sauti yenyewe ilikuwa ngeni kwa alfabeti waliyoitumia.

Kuhusu maana, maelezo yanayokubalika zaidi yanalihusisha jina hili na Kibaski. Mwanaisimu Luis Michelena, katika kazi yake ya mwaka 1953 kuhusu majina ya ukoo ya Kibaski, ni miongoni mwa waliolihusisha na neno seme, yaani mwana wa kiume, likifuatwa na kiambishi tamati -no chenye maana ya udogo au upendo. Neno hilo lina mizizi mirefu: maandishi ya enzi ya Warumi kutoka Akwitania, kusini-magharibi mwa Ufaransa ya leo, yana majina ya watu yenye shina Sembe-, linalolingana na seme ya Kibaski. Maelezo mengine, ambayo yana mvuto kwa wengi, yanalitoa jina katika Simeoni wa Biblia. Mfanano wa sauti kati ya Simeoni na Semeno ndio ulioyapa nguvu maelezo haya, lakini mgawanyo wa kijiografia wa nyaraka za mwanzo, zilizokusanyika katika maeneo ya Kibaski na Navarra, unaielekea zaidi hoja ya Kibaski.

3.0 Kutoka Jina la Baba hadi Jina la Ukoo

Umbo Jiménez linaongeza kiambishi tamati -ez, chenye maana ya “mwana wa”. Ndicho kiambishi kinachopatikana katika Sánchez (mwana wa Sancho), Fernández (mwana wa Fernando) na mengine mengi. Asili ya kiambishi hicho ingali inajadiliwa na wataalamu: wapo wanaokitoa katika uhusika milikishi wa Kilatini, na wapo wanaokihusisha na lugha zilizokuwapo Iberia kabla ya Warumi, Kibaski kikiwamo. Kazi yake, kwa upande mwingine, haina utata. Kwa karne nyingi -ez ilifanya kazi iliyofanywa na bin katika majina ya Waswahili. Aliyeitwa Shaaban bin Robert alitambulishwa kwa baba yake, si kwa ukoo usiobadilika.

Ufalme wa Pamplona unatoa mfano ulio wazi. García Jiménez alikuwa mwana wa Jimeno. Mwanawe, aliyetwaa ufalme mwaka 905, hakuitwa Jiménez. Aliitwa Sancho Garcés, yaani Sancho mwana wa García. Mwana wa Sancho huyo akaitwa García Sánchez, na mjukuu akaitwa tena Sancho Garcés. Sehemu ya pili ya jina iligeuka katika kila kizazi. Wanahistoria huiita nasaba hii “ya Jimena”, lakini jina hilo ni lao. Wafalme wenyewe hawakulirithi kama jina la ukoo.

Mfumo huu uliganda polepole katika Zama za Kati. Mali, kodi na mirathi vilihitaji kumbukumbu za kudumu, na jina la baba mmoja likabaki kwa wajukuu ambao baba yao hakuitwa hivyo. Kutokana na utaratibu huu, hakukuwa na Jimeno mmoja aliyezaa akina Jiménez wote. Kila kijiji kilichokuwa na mtu aitwaye Jimeno kilikuwa na uwezo wa kuzaa ukoo wake wa Jiménez, bila uhusiano wowote na kijiji cha pili. Wingi wa jina hili leo unatokana na umaarufu wa jina la kwanza wakati mfumo ulipoganda. Hautokani na uzazi wa familia moja.

4.0 Sauti Iliyohama: x, j na g

Kikastilia cha Zama za Kati kilitofautisha vikwamizi viwili vya kaakaa gumu. Kimoja kilikuwa sighuna, /ʃ/, kilichoandikwa kwa x. Kingine kilikuwa ghuna, /ʒ/, kilichoandikwa kwa j, au kwa g mbele ya e na i. Jina lililojadiliwa hapa lilikuwa upande wa kwanza: liliandikwa Ximénez na kutamkwa kwa sauti iliyo sawa na sh ya Kiswahili.

Katika karne ya 16 tofauti ya ghuna na sighuna ilipotea, na herufi zote tatu zikawakilisha /ʃ/. Lakini sauti hiyo ilibaki katika eneo lenye msongamano, jirani na sauti mbili za aina ya s. Matamshi yakaanza kuisogeza nyuma ya kinywa ili tofauti isikike, na kufikia katikati ya karne ya 17 ilikuwa imefika kwenye kaakaa laini kama /x/. Katika Andalusia na sehemu kubwa ya Karibi ilisogea zaidi, ikawa /h/. Hatua hii ya mwisho si ngeni kwa Kiswahili. Neno la Kiarabu lenye kh ndilo lililozaa habari na heri, na jina lile lile huandikwa Khamis na mmoja na Hamisi na mwingine.

Tahajia ilichelewa kuifuata sauti. Ni mwaka 1815 ambapo Akademia ya Kifalme ya Hispania, katika toleo la nane la kitabu chake cha othografia, iliiachia x thamani ya /ks/ na kuikabidhi j, na g mbele ya e na i, kazi ya kuwakilisha /x/. Tangu hapo Jiménez na Giménez yakawa maandishi mawili ya matamshi mamoja, huku familia kadhaa zikishikilia x ya mababu, kama nchi ya México ilivyofanya. Juan Ramón Jiménez alilipeleka suala hili mbali zaidi. Alikataa kutumia g kwa sauti /x/ popote katika maandishi yake, na mkusanyo wake wa mwaka 1922 una neno antolojía kwenye jalada, mahali ambapo Akademia ilitaka g. Kwake yeye, j moja kwa sauti moja ilikuwa kanuni.

5.0 Njia Tatu za Kusafiri

5.1 Sikio

Lugha jirani zilizolipokea jina kabla ya karne ya 17 zililipokea likiwa na /ʃ/. Mfano ulio bora ni wa Ufaransa. Mke wa Rodrigo Díaz, shujaa wa Kastilia aliyefariki Valencia mwaka 1099, aliitwa Jimena, au Ximena kwa tahajia ya kale. Rodrigo mwenyewe anajulikana zaidi kwa lakabu El Cid, inayotokana na neno la Kiarabu sayyid, lile lile lililotumiwa kwa watawala wa Zanzibar. Pierre Corneille alipoandika tamthilia yake Le Cid, iliyochezwa mwaka 1637, aliiegemeza kwenye tamthilia ya Guillén de Castro, na mhusika wake wa kike akaitwa Chimène. Ch ya Kifaransa ni /ʃ/. Sauti iliyokuwa ikitoweka Kastilia wakati huo huo ikahifadhiwa Paris. Ushahidi wa aina hii unapatikana pia katika Quichotte ya Kifaransa, Chisciotte ya Kiitaliano, na sherry, jina la Kiingereza la mvinyo wa mji wa Jerez, ambao zamani uliandikwa Xerez.

Ndani ya Iberia yenyewe hali ni hiyo hiyo. Mwandishi Mfransisko Francesc Eiximenis, aliyefariki mwaka 1409 baada ya kuandika vitabu vikubwa kwa Kikatalani, ana jina hili kwa umbo la lugha yake: irabu imeongezwa mwanzoni, na -is mwishoni inafanya kazi ya -ez, kama katika Peris, Llopis na Sanchis. Kireno nacho kilibaki na x yenye thamani ya /ʃ/ hadi leo, na kiambishi chake ni -es, kama katika Lopes na Fernandes. Kwa hiyo Ximenes ya Kireno haikuharibiwa na wageni. Mwanzo wa jina unasikika hapo kama ulivyosikika Kastilia ya kale, wakati Kastilia yenyewe imeshauacha.

5.2 Jicho

Pale jina lilipofika kwa maandishi, mambo yalikwenda kinyume: herufi ilihifadhiwa, sauti ikapotea. Kardinali Francisco Jiménez de Cisneros (1436–1517), mwanzilishi wa Chuo Kikuu cha Alcalá na mfadhili wa Biblia ya lugha nyingi iliyochapwa huko, alijulikana Ulaya ya kaskazini kupitia vitabu. Wasifu wake ulioandikwa na Karl Joseph von Hefele mwaka 1844 unamwita kwa Kijerumani Ximenes, miongo mitatu baada ya mageuzi ya Akademia. Nchini Uingereza, mtunzi wa mafumbo ya maneno wa gazeti la The Observer, Derrick Somerset Macnutt, alijiita Ximenes kwa sababu mtangulizi wake alikuwa amejiita Torquemada: wote wawili walichukua majina ya Wadadisi Wakuu wa Hispania. Waingereza huisoma x hiyo kama z, sauti ambayo jina halikuwahi kuwa nayo Kastilia.

Italia ina mfano unaofanana. Mwanahisabati Mjesuiti Leonardo Ximenes, aliyezaliwa Trapani, Sicilia, mwaka 1716, aliacha Florence kituo cha uangalizi wa anga kinachoitwa hadi leo Ximeniano. Mchongaji Ettore Ximenes (1855–1926) wa Palermo alibeba tahajia hiyo hiyo. Waitaliano walioandika Chisciotte kwa kufuata sikio waliiacha Ximenes kama ilivyoandikwa, kwa kuwa jina la ukoo lililotiwa sahihi kwenye hati halibadilishwi kwa urahisi.

Mgongano wa sikio na jicho unaonekana wazi zaidi Guatemala. Mwanzoni mwa karne ya 18, mtawa Mdominiko Francisco Ximénez, mzaliwa wa Écija huko Andalusia, alinakili na kutafsiri maandishi ya Kik'iche' yanayojulikana kama Popol Vuh akiwa Chichicastenango. Nakala yake ndiyo ya kale zaidi iliyobaki, na imehifadhiwa katika maktaba ya Newberry, Chicago. Othografia ya Kik'iche' iliundwa katika karne ya 16, wakati x ya Kikastilia ilikuwa bado /ʃ/, na ndiyo sababu majina kama Xibalba na Xbalanque huandikwa kwa x na kusomwa kwa /ʃ/. Kufikia wakati wa mtawa huyu, x ya jina lake mwenyewe ilikuwa imeshahamia nyuma ya kinywa. Hivyo mkono mmoja, kwa wino mmoja, uliandika x mbili zenye sauti tofauti. Ile ya Wak'iche' ndiyo iliyobaki na thamani ya kale.

5.3 Daftari

Ufilipino inaonyesha tabaka zote mbili za sauti. Maneno ya mkopo yaliyoingia mapema katika Kitagalogi yana s mahali pa /ʃ/ ya Kikastilia: sugal (kucheza kamari) kutoka jugar, na relos (saa) kutoka reloj. Yaliyoingia baadaye yana h: hardin (bustani) kutoka jardín. Jina Jimenez, linaloandikwa huko kwa kawaida bila alama ya mkazo, hutamkwa kwa /h/, na kwa hiyo liko katika tabaka la pili.

Kuenea kwa majina ya Kihispania visiwani humo kulichochewa na amri ya Gavana Narciso Clavería ya tarehe 21 Novemba 1849. Serikali ililalamika kwamba wenyeji walijichukulia majina ya watakatifu kiholela, ndugu wa tumbo moja wakawa na majina tofauti, na ukusanyaji wa kodi ukawa mgumu. Katalogi ya majina yaliyopangwa kialfabeti ilisambazwa mikoani, na wakuu wa familia wakagawiwa majina. Katika baadhi ya maeneo, kurasa za katalogi ziligawanywa mji kwa mji, kiasi kwamba watu wa mji mmoja walipata majina yanayoanza kwa herufi moja. Hapa jina la ukoo halikuletwa na mhamiaji wala na ndoa. Lililetwa na karatasi.

Timor ya Mashariki ilikuwa chini ya Wareno, na huko majina ya Kireno yaliingia hasa kupitia ubatizo. Ndiyo maana umbo la huko ni Ximenes, si Jiménez. Tofauti iliyoonekana mwanzoni kati ya washindi wawili wa Nobel ni tofauti ya dola mbili: mmoja alilipata jina kupitia Kikastilia cha baada ya karne ya 17, mwingine kupitia Kireno, ambacho sauti yake ya mwanzo haikuhama.

6.0 Jina na Damu

Ushahidi uliotangulia unadhoofisha desturi ya kulichukulia jina la ukoo kuwa hati ya nasaba. Familia ya Ximenes iliyofanya biashara kubwa Lisbon, Antwerp na Florence katika karne za 16 na 17 ilitokana na “Wakristo Wapya”, yaani Wayahudi wa Ureno waliobatizwa pamoja na wazawa wao. Jiménez pia ni miongoni mwa majina yaliyozoeleka sana kwa Wagitano wa Hispania. Katika makoloni ya Amerika, Waafrika waliotiwa utumwani na wazawa wao walibebeshwa majina ya waliowamiliki au waliowabatiza. Mpiga piano na mtunzi wa Kuba mwenye asili ya Kiafrika, José Manuel Jiménez Berroa, aliyezaliwa Trinidad mwaka 1851 na kufariki Hamburg mwaka 1917, alilibeba jina hili hadi katika kumbi za muziki za Ujerumani. Mwana wa mfalme wa Pamplona, mfanyabiashara wa Antwerp, Mgitano wa Andalusia, mwanamuziki wa Kuba na mkulima wa Ufilipino wanakutana katika jina, lakini hawakutani katika babu.

Tamaa ya kumtafuta mwanzilishi mmoja ni kubwa kiasi cha kuvuka mipaka ya binadamu. Zabibu nyeupe ya Andalusia iitwayo Pedro Ximénez imeundiwa kisa cha mwanajeshi, Peter Siemens kwa mapokeo hayo, aliyeileta kutoka bonde la mto Rhine. Vipimo vya vinasaba vya mizabibu havikubaliani na kisa hicho: vinaihusisha zabibu hiyo na aina za Iberia yenyewe. Jina lilizaa hadithi ya asili, na hadithi ikachukuliwa kuwa historia.

7.0 Hitimisho

Historia ya Jiménez ina mafunzo mawili kwa mtafiti wa majina. La kwanza ni la kimbinu. Tahajia isisawazishwe kabla ya kusomwa. Mhariri anayebadilisha kila Ximénez kuwa Jiménez ili faharasa yake ipendeze anafuta tarehe iliyoandikwa ndani ya jina. Na mtafiti asiyeijua historia ya x anaweza kumgawa mtu mmoja kuwa wawili, kwa kuwa kardinali yule yule huwekwa chini ya J katika maktaba moja na chini ya X katika nyingine. Njia iliyo salama ni kuorodhesha maumbo yote na kuuliza kila umbo liliingia kwa sikio, kwa jicho au kwa daftari.

La pili linahusu mipaka ya ushahidi huo. Umbo la jina linaweza kuonyesha lugha iliyolipokea, karne lililopokelewa na mamlaka iliyoliandika. Haliwezi kueleza ni damu ya nani inayotembea ndani ya mwenye jina. Funzo hili lina uzito pia kwa utafiti wa majina ya Afrika Mashariki, ambako fomu za shule, ubatizo na pasipoti zimeyafanya majina ya akina baba kuwa majina ya ukoo katika kipindi kifupi sana, na ambako Khamis na Hamisi wanaweza kuwa watoto wa baba mmoja huku akina Hamisi wawili wasiwe na udugu wowote. Kilichochukua karne kadhaa Iberia kimetokea hapa mbele ya macho ya watu walio hai, na nyaraka zake bado hazijatawanyika.